Usugu wa viuavijasumu Mombasa: upimaji na ufuatiliaji

Upimaji na ufuatiliaji wa usugu wa viuavijasumu katika kisiwa cha Mombasa ni kazi ya kuotesha bakteria waliotolewa kwenye damu, mkojo, usaha au maji ya uti wa mgongo wa mgonjwa, kuwajaribu kwa dawa moja baada ya nyingine, kisha kukusanya majibu ya wagonjwa wengi ili ijulikane dawa ipi bado inaponya na ipi imebaki jina tu. Hospitali kubwa zaidi ya umma kisiwani ni Hospitali Kuu ya Rufaa na Mafunzo ya Pwani, ambayo wenyeji wengi wangali wanaiita Makadara. Hospitali binafsi, zikiwemo Aga Khan na Pandya, zina maabara zao. Hata hivyo, mengi yanayojulikana kuhusu bakteria sugu wa pwani ya Kenya hayakuandikwa Mombasa. Yaliandikwa Kilifi, umbali wa kilomita 60 hivi kaskazini, na makala haya yanaelemea huko kwa sababu hiyo.

Mahali

Kaunti ya Mombasa ilihesabiwa kuwa na watu 1,208,333 katika sensa ya 2019. Mvita, ambayo ndiyo kisiwa chenyewe, ilikuwa na 154,171. Hesabu ya waliolala kisiwani haitoi picha kamili, kwani maelfu huvuka kila asubuhi kutoka Likoni, Kisauni na Changamwe, na wagonjwa wa rufaa huletwa Makadara kutoka Kwale, Kilifi, Taita Taveta, Tana River na Lamu. Mji wa Kale, kuanzia Fort Jesus hadi Kibokoni, Kuze na Mzizima, ni mitaa ya vichochoro vyembamba yenye nyumba zilizobanana, zahanati chache na maduka ya dawa yasiyo haba.

Namna usugu unavyopimwa

Njia iliyoenea zaidi katika maabara za Afrika Mashariki ni ile ya vikaratasi vya dawa, inayojulikana kwa majina ya Kirby na Bauer. Ilisanifishwa mwaka 1966 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington huko Seattle, chuo kile kile ambacho baadaye kilishirikiana na Chuo Kikuu cha Nairobi katika utafiti wa magonjwa ya zinaa kwenye kliniki ya Ganjoni, Mombasa. Ni njia ya bei nafuu, haihitaji mashine kubwa, na ikifanywa kwa uangalifu majibu yake ni ya kuaminika kabisa. Tatizo liko kwenye huo uangalifu.

Sampuli ikishaota usiku mmoja, fundi wa maabara huchota vijikundi vichache vya bakteria wanaofanana na kuvikoroga kwenye maji ya chumvi mpaka ukungu wake ulingane na wa kichupa cha kulinganishia, kile cha kipimo cha McFarland 0.5. Hapo kila mililita huwa na bakteria milioni 150 hivi. Ukungu ukizidi, bakteria huota kwa wingi kupita kiasi na dawa nzuri huonekana mbovu. Ukipungua, dawa mbovu huonekana nzuri. Maji hayo hupakwa kwa pamba juu ya sahani ya agari ya Mueller-Hinton yenye unene wa milimita 4, pande zote bila kuacha pengo. Vikaratasi vyenye kiasi maalumu cha dawa hupangwa juu yake, kila kimoja mbali na mwenziwe. Sahani hugeuzwa chini juu na kuwekwa kwenye joto la nyuzi 35 kwa saa 16 hadi 18.

Asubuhi yake sahani huwa imetanda utando wa bakteria, na kuzunguka kila kikaratasi cha dawa inayofanya kazi kuna duara tupu. Fundi huigeuza sahani, huweka rula nyuma yake na kusoma kipenyo cha duara kwa milimita. Namba hiyo hulinganishwa na jedwali, na mgonjwa huandikiwa herufi: S kwa bakteria anayeshindwa na dawa, R kwa aliye sugu, na I kwa aliye katikati.

Jedwali lenyewe hubadilika. Mfano mzuri ni siprofloksasini dhidi ya Escherichia coli na jamaa zake. Kwa miaka mingi jedwali la taasisi ya viwango ya Marekani, CLSI, lilisema duara la milimita 21 na zaidi ni S. Mwaka 2019 mpaka ulisogezwa hadi 26, na duara la 21 kushuka chini likawa R. Mgonjwa mwenye duara la milimita 22 angeandikiwa S mwaka 2018, na kwa jedwali la mwaka uliofuata angeandikiwa I, ingawa bakteria ni yule yule na dawa ni ile ile. Maabara inayotumia kitabu cha zamani, jambo ambalo si geni mahali ambapo kitabu kipya ni gharama, huendelea kutoa S. Kwa hiyo anayelinganisha takwimu za miaka kumi iliyopita na za leo hana budi kuuliza kwanza kila mwaka ulisomwa kwa jedwali gani. Ndiyo maana wataalamu husisitiza kuandika milimita zenyewe daftarini, si herufi peke yake.

Ubora hukaguliwa kwa kupima bakteria wa marejeo ambao majibu yao yanajulikana kabla, kwa mfano E. coli wa namba ATCC 25922. Maduara yake yakitoka nje ya mipaka, majibu ya wagonjwa ya siku hiyo hayastahili kutolewa. Kwa Staphylococcus aureus sugu kwa methisilini, wale wa MRSA, hutumika kikaratasi cha sefoksitini: chini ya milimita 22 anahesabiwa sugu. Kwa vimeng'enya vya ESBL, vinavyovunja sefalosporini kama seftriaksoni, vikaratasi viwili huwekwa karibu ili ionekane kama asidi ya klavulani inaifufua dawa. Maabara zenye uwezo hutumia mashine za kuotesha damu na za kupima dawa zenyewe, ambazo ni za haraka lakini zinategemea kemikali za kuagizwa nje na umeme usiokatika.

Hesabu ya pamoja, inayoonyesha asilimia ya kila bakteria kwa kila dawa katika hospitali moja kwa mwaka, ina masharti yake pia. Mgonjwa huhesabiwa mara moja hata akipimwa mara nne, na bakteria asiyefika angalau sampuli 30 hatakiwi kuwekewa asilimia. Hospitali nyingi za ukubwa wa kati hazifikii 30 kwa aina nyingi za bakteria. Lipo pia tatizo la nani anayepimwa. Mahali ambapo mgonjwa hulipia kipimo cha kuotesha mfukoni mwake, sampuli huchukuliwa kwa waliokwisha kunywa dawa mbili tatu bila nafuu, na bakteria wao huwa sugu kuliko wale wa mtaani. Asilimia inayotangazwa huwa kubwa kuliko hali halisi, na daktari anayeiamini hukimbilia dawa kali mapema.

Rekodi ya Kilifi

Tatizo hilo la nani anayepimwa lilitatuliwa Kilifi kwa njia rahisi na ya gharama kubwa: kumpima kila mtoto. Kituo cha KEMRI (taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya) na Wellcome Trust, kilichoanzishwa 1989 katika viwanja vya iliyokuwa Hospitali ya Wilaya ya Kilifi, kilianza Agosti 1998 kuotesha damu ya watoto wanaolazwa, bila kungoja daktari ashuku maambukizi. Ni rekodi adimu katika bara zima.

Matokeo ya miaka minne ya kwanza, hadi Julai 2002, yalichapishwa mwaka 2005 katika jarida la New England Journal of Medicine na James Berkley na wenzake. Kati ya watoto 16,570 waliopimwa, 1,094 walikuwa na bakteria kwenye damu, na 308 kati ya hao walikufa. Theluthi ya vifo hivyo ilitokea siku ile ile ya kulazwa, yaani kabla sahani yoyote ya maabara haijaota. Zaidi ya robo ya vifo vyote vya watoto hospitalini viliambatana na bakteria kwenye damu. Kabla ya hapo homa ya mtoto wa pwani ilikuwa malaria mpaka ithibitike vinginevyo, na utafiti huo ndio uliobadilisha mtazamo.

Kwa suala la usugu, somo kubwa ni kwamba mtoto mahututi hutibiwa kwa kukisia. Mwongozo wa Kenya kwa watoto wachanga wenye maambukizi makali huanza na penisilini pamoja na jentamaisini, na seftriaksoni hufuata. Kukisia huko kunafaa tu ikiwa kuna mtu anayefuatilia ni bakteria gani wanaoota na wanashindwa na nini. Mwaka huo huo wa 2005 watafiti wa Kilifi walionyesha kuwa bakteria wa kundi la gramu hasi walioingia kwenye damu ya watoto mara nyingi walikuwa sugu kwa dawa za kawaida za hospitali. Mwaka 2011 ukatoka uchunguzi katika Lancet kuhusu maambukizi ambayo mtoto huyapata akiwa tayari wodini, na mwaka 2017 uchambuzi wa jeni za Klebsiella pneumoniae waliokusanywa kwa zaidi ya muongo katika hospitali hiyo hiyo. Klebsiella ndiye mhusika mkuu wa wodi za watoto wachanga pande zote za Bahari ya Hindi. Huishi kwenye masinki, mipira na mikono, na hubeba jeni za ESBL kwenye plasmidi zinazohama kutoka bakteria mmoja hadi mwingine.

Kilifi pia imeonyesha upande wa pili wa shilingi. Kenya ilipoanza kutoa chanjo ya nimokoka mwaka 2011, ugonjwa mkali unaoletwa na aina za bakteria zilizomo kwenye chanjo ulipungua kwa asilimia 92 kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Mtoto asiyeugua hahitaji dozi. Malaria ilipopungua, maambukizi ya bakteria kwenye damu yalipungua nayo, kwa kuwa malaria humfungulia mlango bakteria, hasa Salmonella isiyo ya homa ya matumbo.

Mombasa imeingia kwenye rekodi hii kwa kualikwa. Utafiti wa dawa ya ko-trimoksazoli, ambayo mtaani huitwa septrini, kwa watoto wenye utapiamlo mkali uliendeshwa kati ya 2009 na 2013 katika hospitali nne: Kilifi, Malindi, Mombasa na Nairobi. Watoto 1,778 walishiriki. Dawa ya kila siku haikupunguza vifo: asilimia 14 kwa waliopewa dawa na 15 kwa waliopewa kidonge kisicho na dawa. Mwaka 2018 Kilifi ilianza kujaribu fosfomaisini, dawa ya zamani iliyosahaulika, kwa watoto wachanga 120, ikitafuta mbadala wa zile zinazoshindwa.

Kwingineko pwani, Hospitali ya Muhimbili ya Dar es Salaam ilitoa mwaka 2007 takwimu za kutisha: watoto waliokuwa na bakteria wa gramu hasi kwenye damu walikufa kwa asilimia 43.5, dhidi ya 20.2 kwa wenye malaria. Zanzibar ilichapisha uchunguzi wa Hospitali ya Mnazi Mmoja mwaka 2015. Pemba ina maabara ya afya ya jamii ya Ivo de Carneri, iliyofunguliwa Wawi mwaka 2000.

Kisonono

Kisonono ndio ugonjwa ambao pwani imetoa mchango wake wa wazi zaidi kuuhusu, baada ya maambukizi ya damu. Bakteria wake, Neisseria gonorrhoeae, ana historia ya kuishinda dawa moja baada ya nyingine: salfa, penisilini, tetrasaiklini, kisha siprofloksasini. Ni mgumu pia kuoteshwa, hufa njiani sampuli ikichelewa, na huhitaji hewa yenye kabonidayoksaidi. Kwa sababu hiyo, na kwa sababu kliniki nyingi hutibu kwa dalili bila kipimo, usugu wake hugunduliwa umechelewa.

Kliniki ya Ganjoni, kisiwani, imewafuatilia wanawake wanaofanya biashara ya ngono tangu 1993, na inajulikana zaidi kwa utafiti wa virusi vya Ukimwi. Habari za usugu zilitoka Mtwapa, ng'ambo tu ya mpaka wa kaunti, kwenye kliniki ya KEMRI. Mwaka 2011 watafiti waliripoti kiwango kikubwa cha usugu kwa dawa za kundi la kwinoloni, ambamo siprofloksasini imo, wakati ambapo dawa za kundi hilo ndizo zilizokuwa zikitolewa kwa kisonono nchini. Mwongozo wa taifa baadaye ulihamia sefalosporini. Uchambuzi wa jeni za bakteria 103 wa pwani, uliochapishwa 2018, ulionyesha wamejaa plasmidi za kubeba usugu wa penisilini na tetrasaiklini. Plasmidi ya tetrasaiklini inastahili kukumbukwa sasa ambapo doksisaiklini inajaribiwa kama kinga baada ya ngono. Jaribio la Kisumu, lililotangazwa 2023, halikufanikiwa kuwakinga wanawake.

Wateja wa bandari, mabaharia na watalii, hutajwa mara kwa mara kuwa chanzo cha usugu huo. Hoja hiyo ni ya zamani na ya starehe, kwa sababu humtupia lawama mgeni. Vidonge vya siprofloksasini vinavyouzwa mtaani bila cheti vinatosha kueleza mengi.

Kipindupindu

Mfano unaofundishwa zaidi katika kanda hii ni wa Tanzania. Katika mlipuko ulioanza 1977, vimelea vya El Tor vilishindwa kabisa na tetrasaiklini mwanzoni. Dawa ikagawiwa kwa wagonjwa na kwa wazima, kama kinga. Baada ya miezi mitano, asilimia 76 ya vimelea vilivyopimwa vilikuwa sugu. Fred Mhalu na wenzake waliyachapisha hayo katika Lancet mwaka 1979. Nchini Kenya, vimelea vya milipuko ya 1994 hadi 2007 vilipochunguzwa vilikutwa na kipande cha jeni kiitwacho SXT, kinachobeba usugu wa salfa na trimethoprimu. Matibabu ya kipindupindu ni maji na chumvi kwanza. Dawa ni nyongeza, na hilo ndilo linaloleta ahueni katika habari hizi.

Kifua kikuu

Kifua kikuu kina mfumo wake tofauti wa taifa, na kipimo cha GeneXpert hutambua usugu wa rifampisini kwa saa mbili hivi.

Mifugo na maji machafu

Maji machafu ya kisiwa huishia katika hori za Tudor na Makupa na baharini, na mikoko ya Tudor imefanyiwa tafiti kadhaa kuhusu uchafuzi. Maji taka hubeba bakteria na mabaki ya dawa, na miji mingine hutumia sampuli za mfereji kupima usugu wa mtaa mzima bila kumchoma mtu sindano. Kwa upande wa mifugo, kuku wa kizungu hupewa viuavijasumu kwenye maji ya kunywa.

Dawa mitaani

Kwa sheria ya Kenya, Sura ya 244, viuavijasumu huuzwa kwa cheti cha daktari. Desturi ni nyingine. Mteja husimama dirishani, humwamkia muuzaji, humwita daktari hata kama si daktari, na kutaja fedha kabla ya ugonjwa: "Daktari, nipatie amoksilini za mia." Muuzaji hukata ukanda wa vidonge kwa mkasi na kuvitia kwenye kibahasha cha karatasi. Jina la dawa na tarehe ya mwisho wa matumizi hubaki kwenye kipande kilichorudi kabatini. Dozi ya siku tano huwa ya siku mbili, na ikibaki moja au mbili hutunzwa kwa homa ya jirani. Kumlaumu mteja ni rahisi. Anayelipwa kwa siku hana siku ya kukaa kwenye foleni ya hospitali, na kipimo cha kuotesha hugharimu zaidi kuliko dawa yenyewe na majibu yake hutoka baada ya siku mbili au tatu.

Muuzaji naye hana takwimu za mtaa wake. Akiulizwa dawa gani inafaa kwa mkojo unaochoma, hutoa ile aliyoizoea au ile aliyoachiwa na wakala wa kampuni.

Sera na taasisi

Shirika la Afya Duniani lilipitisha mpango wa kimataifa mwaka 2015 na kuanzisha mfumo wa takwimu uitwao GLASS. Kenya ilijiunga 2016. Kabla ya hapo, mwaka 2011, kikundi cha wataalamu wa Kenya kilikuwa kimetoa tathmini ya hali ya viuavijasumu nchini. Sera ya taifa na mpango wa utekelezaji wa 2017 hadi 2022 zilianzisha kamati ya pamoja ya wizara za afya na kilimo, NASIC, na kuzitaka kaunti ziwe na kamati zao. Afya ilikuwa imegatuliwa kwa kaunti tangu 2013, kwa hiyo sera huandikwa Nairobi na vikaratasi vya dawa hununuliwa na kaunti, iwapo vitanunuliwa. Mpango wa pili ni wa 2023 hadi 2027. Takwimu huingizwa kwenye programu ya bure ya WHONET na kupelekwa maabara ya taifa.

Migomo ya 2016 na 2017, wa madaktari uliodumu siku 100 na wa wauguzi uliofuata, ilizorotesha wodi za umma nchini kote. Wodi ikifungwa, hakuna sampuli.

Mwaka 2022 mawaziri wa nchi nyingi walikutana Muscat na kutoa tamko lenye jina la mji huo, na mwaka 2024 Umoja wa Mataifa ukaweka lengo la kupunguza vifo vinavyohusishwa na bakteria sugu kwa asilimia 10 ifikapo 2030. Makadirio ya vifo vilivyosababishwa moja kwa moja na bakteria sugu duniani ni milioni 1.27 kwa mwaka 2019.

Hali ya sasa

Vifaa na mafunzo ya maabara nchini Kenya vilitegemea kwa sehemu kubwa misaada, ukiwemo Mfuko wa Fleming wa Uingereza na miradi ya USAID. USAID ilifungwa katikati ya 2025, na Julai mwaka huo huo Uingereza ilitangaza kuusitisha Mfuko wa Fleming. Kilifi inaendelea kwa fedha za utafiti.